Mzururaji wa Paris na Haki za Njia



Mwaka jana, katika somo la fasihi ya Kifaransa, mwalimu wetu aliandika neno moja ubaoni: flâneur. Akatutaka kila mmoja atafute neno la lugha ya kwao linalolingana nalo. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa ambao Bujumbura nzima inaujua kwa Kiswahili chake na gereji zake, na sikuhitaji kufikiri sana. Niliandika: mzururaji. Mwalimu alipofika kwenye dawati langu aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni mtu anayetembea mjini bila shughuli. Akatabasamu, akasema kuwa miguu ni ileile lakini heshima siyo. Flâneur, alisema, ni neno la sifa. Ni mtu mwenye jicho, mtu anayeusoma mji kama wengine wanavyosoma kitabu.

Jioni nilimsimulia Baba. Baba ametengeneza magari tangu mimi sijazaliwa, na wakati ule alikuwa ananawa mikono oili isitoke. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa mtu huyo anakula nini?"

"Ana mali yake, Baba. Hahitaji kufanya kazi."

"Basi mwalimu wako ana haki, mwanangu. Huyo si mzururaji. Mzururaji ni asiye nacho."

Nilidhani ananitania. Lakini maneno yale yalinikaa kichwani, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nataka tuliangalie pamoja katika ukurasa huu. Mtu akitembea njiani bila shughuli maalumu, ni kitu gani kinachofanya matembezi yake yawe mema au mabaya? Ni mfuko wake? Ni muda anaopoteza? Au kuna jambo jingine ambalo dini yetu ilishalisema zamani, nasi tumelipita bila kulitazama?

Neno lenyewe limetoka wapi

Wachunguzi wengi wa asili ya maneno hukirudisha kitenzi flâner kwenye lugha ya kale ya Skandinavia, ambako flana ilikuwa na maana ya kwenda huku na huko bila mpango. Watu wa Skandinavia, hao tunaowasikia katika historia kwa jina la Waviking, walipewa ardhi kaskazini mwa Ufaransa mwaka 911, na nchi yao ikaitwa Normandy, yaani nchi ya watu wa kaskazini. Huko neno likaishi vinywani mwa watu wa kawaida muda mrefu kabla halijapata cheo katika Kifaransa cha Paris. Wala halikuwa neno la sifa. Lilimsema mtu mzembe, anayeacha siku ipite. Kwa asili yake, basi, lilikuwa jirani kabisa na mzururaji wetu.

Kilicholipandisha cheo ni mji. Mwanzoni mwa karne ya 19 njia nyingi za Paris zilikuwa za matope, hazina ukingo wa waenda kwa miguu, na magari ya farasi yalipita yakirusha maji machafu. Ndipo zikajengwa zile zilizoitwa passages: njia nyembamba kati ya majengo, zilizoezekwa kwa vioo, zenye sakafu safi na maduka pande zote mbili. Passage des Panoramas ilifunguliwa karibu na mwaka 1800, na mwaka 1817 ikapata taa za gesi. Humo mtu aliweza kutembea mvua ikinyesha na usiku ukiwa umeingia, akitazama bidhaa na nyuso za watu bila kununua chochote wala kuulizwa anatafuta nini.

Mtu huyo akaanza kuandikwa. Mwaka 1806 kilitoka Paris kijitabu kisicho na jina la mwandishi, kilichomsimulia Bwana Bonhomme, ambaye siku yake yote ni kutembea na kutazama. Mwaka 1829 Balzac aliyaita matembezi ya namna hiyo kuwa ni elimu, akayalinganisha na ujuzi wa mlaji mwenye kujua ladha, ila hapa anayekula ni jicho. Mwaka 1841 Louis Huart aliandika kitabu kizima cha mzaha juu ya tabia zake. Mwaka 1858 Victor Fournel akamtenganisha na yule ambaye Wafaransa humwita badaud, mtu anayeduwaa mbele ya kila kioja mpaka anajisahau. Flâneur hajisahau, kwa maelezo ya Fournel. Anatazama, lakini akili yake iko macho. Na mwaka 1863 Baudelaire akamfanya kuwa msanii hasa: mtu anayeishi katikati ya umati, anamwona kila mtu, na yeye hajulikani na yeyote.

Karne iliyofuata, Walter Benjamin, mwanafikra wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi, alitumia miaka mingi kukusanya habari za zile passages na watu wake. Kazi hiyo aliianza mwaka 1927, na hakuimaliza. Alifariki mwaka 1940 mjini Portbou, mpakani mwa Hispania, akiwakimbia Wanazi. Yeye ndiye anayetaja kwamba karibu na mwaka 1840 baadhi ya watembezi hao walikuwa wakichukua kobe na kutembea naye, ili kobe ndiye apange mwendo.

Nilipolisoma hilo la kobe nilicheka peke yangu maktabani. Lakini baadaye niliona kuwa ndani ya mzaha ule kulikuwa na hoja. Viwanda na saa vilikuwa vimeanza kuwakimbiza watu. Mtu aliyefuata mwendo wa kobe alikuwa anasema: mimi sikimbizwi. Kila mwanafunzi aliyewahi kula amesimama kwa kuwahi darasa anaweza kumwelewa.

Aliye nacho na asiye nacho

Sasa turudi kwenye neno la Baba.

Katika Paris ileile, sheria ya makosa ya jinai iliyotungwa mwaka 1810, zama za Napoleon, ilisema katika kifungu cha 269 kwamba uzururaji ni kosa. Kifungu kilichofuata kikamweleza mzururaji: ni mtu asiye na makazi maalumu, asiye na njia ya kujikimu, na asiye na kazi anayoifanya kwa kawaida. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha miezi 3 hadi 6. Vifungu hivyo vilikaa vitabuni mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 1994.

Ebu tafakari, ndugu msomaji. Watu wawili wanatembea barabara moja, saa moja, wote hawana shughuli. Mmoja ana nyumba na fedha: huyu anaandikiwa vitabu. Mwingine hana nyumba wala fedha: huyu anaandikiwa jalada. Hakuna hata mmoja aliyemdhuru mtu. Tofauti yao si tendo, ni mfuko.

Wala jambo hili halikubaki Ulaya. Ubelgiji, iliyokuja kuitawala nchi yetu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1891 ya kuwakusanya wazururaji na ombaomba na kuwapeleka mahali kama Merksplas wakafanyishwe kazi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1993. Waingereza nao walikuwa na sheria yao ya mwaka 1824, ambayo mfano wake uliingizwa katika makoloni mengi, na vifungu vyake vingi vikabaki baada ya uhuru. Ilikuwa hadi tarehe 4 Desemba 2020 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyoko Arusha, ilipotoa maoni yake ya ushauri kwa ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika. Ilisema kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamhukumu mtu kwa hali yake na si kwa alilofanya, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta.

Tusijidanganye kuwa hii ni habari ya serikali peke yake. Lugha yetu nayo inahukumu. Tukimwona kijana amekaa kwenye jiwe kando ya barabara tunasema "mzururaji" au "mhuni", na hatujamuuliza hata jina lake. Mimi nimelisema neno hilo mara nyingi, na jioni moja lilinirudia.

Jioni niliyojaribu

Wiki ile ya lile somo niliamua kumwiga flâneur. Baada ya Alasiri nilitoka Buyenzi, nikapita Quartier Asiatique, nikaelekea upande wa ziwa. Sikuwa na pa kwenda. Niliweka simu mfukoni, nikaacha macho yatembee. Na kwa kweli, mwanzoni ilikuwa raha. Niliona rangi ya kuta ambazo nimezipita maisha yangu yote bila kuziona. Niliona fundi cherehani aliyefunga redio yake kwa mpira wa baiskeli. Niliona milima ya Congo ng'ambo ya ziwa ikigeuka buluu. Nikaanza kupanga sentensi kichwani, nikiwaza jinsi mwalimu atakavyozifurahia.

Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya makaa. Gurudumu likaingia shimoni. Baiskeli ikaegama, ikalala, gunia moja likapasuka na makaa yakatawanyika barabarani. Gari lililokuja nyuma likafunga breki na kupiga honi.

Nami nilisimama. Nasema ukweli kwa sababu makala hii haina maana nikiuficha: nilisimama nikatazama. Niliona jinsi vumbi jeusi lilivyopanda, jinsi jua lilivyolipiga, na nikatafuta neno zuri la Kifaransa la vumbi lile. Sijui zilipita sekunde ngapi. Ninachojua ni kwamba kabla sijalipata neno, kijana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu peku, amekaa tu kama anavyokaa mtu asiye na kazi, aliruka, akasimamisha gari kwa mkono, akainua baiskeli, akaanza kuokota makaa kwa viganja. Watu wengine wawili wakaja. Mimi nilifika wa mwisho, nikaokota vipande vichache.

Mzee alipoinua uso nikamtambua. Ni mzee wa msikiti wetu, ambaye husali safu ya kwanza. Alinitolea salamu kwa jina langu. Nilijibu, lakini sauti yangu ilitoka ndogo. Alikuwa hajajua kuwa nilisimama.

Usiku ule nililala na swali lililogeuka. Nilikuwa nikiuliza nani ni flâneur na nani ni mzururaji. Sasa niliuliza: kati yetu wawili, nani aliyekuwa njiani hasa, na nani aliyekuwa kwenye maonyesho?

Haki za njia

Jibu nililipata mahali ambapo nilipaswa kuanzia. Wengi wetu tuliisikia hadithi hii madrasa, tukaihesabu kuwa ya adabu za watoto. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba na kukaa njiani. Wakamweleza kwamba hawana budi, kwani huko ndiko wanakokutana na kuzungumza. Hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba kama ni lazima wakae, basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tazama kile ambacho Mtume (s.a.w.) hakukiuliza. Hakuuliza: mna kazi gani? Hakuuliza: mna nyumba? Hakuuliza: mfuko wenu una nini? Sheria ya 1810 ingeanzia hapo. Hadithi inaanzia pengine kabisa. Inachukulia kwamba njia ni kama mtu mwenye haki zake, na kila anayekuwa juu yake, tajiri au maskini, mwenye shughuli au asiye nayo, ni mdaiwa.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na flâneur wa vitabuni. Kosa lake si kutembea, wala si kupumzika, wala si kutazama. Kosa lake ni kudhani kwamba kutazama hakuna deni. Kwake mji ni karamu ya jicho aliyoandaliwa bure. Anakula, anafuta mdomo, anakwenda kuandika.

Chukua hiyo haki ya kurudisha salamu. Kwa nini jambo dogo kama hilo liwekwe pamoja na kukataza maovu? Mimi naona hivi. Mtembezi wa Baudelaire anataka kuona bila kujulikana. Raha yake yote imo katika kufichika ndani ya umati. Lakini huwezi kurudisha salamu ukiwa umejificha. Anayejibu salamu amekubali kuonekana, amekubali kuwa fulani mtoto wa fulani, mtu anayeweza kuitwa akasaidie. Salamu ya yule mzee ilinichoma kwa sababu hiyo. Ilinitoa mafichoni.

Macho ya nani

Haki iliyotajwa mwanzo ni ya macho, na dada zetu wanajua zaidi kuliko sisi kwa nini.

Yule flâneur wa karne ya 19 alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyetembea peke yake Paris jioni bila shughuli hakuitwa msanii. Alidhaniwa kuwa anajiuza. Mwandishi aliyejulikana kwa jina la George Sand alipofika Paris mwaka 1831 alivaa nguo za kiume ili aweze kutembea mjini bila kuangaliwa. Na hata nguo hizo zilikuwa na sheria yake, kwani amri ya polisi ya mwaka 1800 ilimtaka mwanamke apate kibali kabla ya kuvaa kiume. Neno la kike, flâneuse, lipo katika Kifaransa, lakini lilitumika pia kutaja aina ya kiti cha kujilaza. Mwanamume akaitwa mtazamaji wa mji, na mwanamke akakutana na neno lake kwenye fanicha.

Sisi tusicheke upesi. Dada akipita mbele ya baraza zetu, au mbele ya lango la chuo, huhesabu macho kama msafiri anavyohesabu vizuizi. Tunamwambia ajisitiri, na hilo ni la dini. Lakini katika Suratun Nur amri ya kuinamisha macho inaanza kwa wanaume, ndipo inakuja kwa wanawake. Na katika hadithi ya njia aliyekaa ndiye aliyeambiwa ainamishe macho. Apitaye hakuambiwa akae nyumbani. Kuinamisha macho si kuwa kipofu. Nilimwona fundi cherehani, niliiona milima, na hayo hayana ubaya. Ni kujua kwamba mtu si mandhari.

Khalifa aliyetembea usiku

Kuna atakayesema: basi Uislamu hauna nafasi ya mtu anayezunguka mji akitazama. La hasha. Tunaye mmoja mkubwa kuliko wote wa Paris.

Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa na desturi ya kuzunguka usiku. Inasimuliwa na Aslam, aliyekuwa akimhudumia, kwamba usiku mmoja nje ya Madina waliona moto kwa mbali. Walipokaribia wakamkuta mwanamke na watoto wanaolia njaa, na chungu chenye maji tu kinachemka ili watoto wadhani chakula kinapikwa mpaka usingizi uwachukue. Umar alirudi hazina, akatwaa unga na mafuta. Aslam akataka kumbebea. Umar akakataa, akimuuliza kama atambebea na mzigo wake Siku ya Kiyama. Akaubeba mwenyewe, akapuliza moto mwenyewe, akapika, na hakuondoka mpaka aliposikia watoto wakicheka.

Huyu naye alitembea bila kujulikana. Yule mama hakujua anazungumza na nani. Huyu naye alitazama. Lakini alichokiona kiligeuka mzigo mgongoni mwake.

Na bado yeye huyohuyo inasimuliwa kuwa usiku mwingine alisikia sauti za ulevi ndani ya nyumba, akapanda ukuta akamfumania mtu. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye ametenda kosa moja, basi Amiri wa Waumini ametenda matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Umar akakubali hoja, akamwacha. Hata jicho la khalifa lina mpaka.

Niongeze mfano mmoja wa karibu zaidi na wanafunzi. Mwaka 1826, wakati flâneur ndiyo kwanza anaanza kupata jina, alifika Paris sheikh kijana wa Al-Azhar, Rifaa al-Tahtawi, akiwa imamu wa wanafunzi waliotumwa na mtawala wa Misri. Alikaa miaka mitano. Alitembea, akatazama mikahawa, magazeti, mahakama na namna watu wanavyokula na kuvaa. Lakini tangu siku ya kwanza alitazama kwa niaba ya watu wa kwao. Kitabu chake kikapigwa chapa Misri mwaka 1834, naye akawa kiongozi wa shule ya kufundisha lugha na kufasiri vitabu. Alisifu alichokiona kizuri na akakosoa alichokiona kibaya. Mji uleule, miaka ileile, macho ya namna nyingine.

Je, kupumzika ni dhambi?

Najua wapo kati yetu wanaohofia dakika. Wanaikumbuka hadithi ya neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, afya na wasaa, na wakiona mtu anatembea tu wanamwona amekwisha. Hofu hiyo ni njema, lakini isituvuke mpaka. Hanzala (r.a.) alipolalamika kwamba moyo wake si uleule anapokuwa na mkewe na watoto na shughuli zake, Mtume (s.a.w.) alimfundisha kuwa kuna wakati wa hili na wakati wa lile. Na Qur'ani imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi tukatazame, na katika Suratul Hajj imelitaja tembezi hilo pamoja na nyoyo za kufahamia na masikio ya kusikilizia. Wahenga wetu wamesema tembea uone. Wamesema pia kuwa mtembezi hula miguu yake. Mithali hizi mbili hazigombani: ya kwanza inamhusu anayerudi na kitu, ya pili anayerudi na uchovu.

Tena, zama zetu zina uzururaji mwingine ambao hauhitaji hata viatu. Usiku wa manane, kitandani, kidole kinapanda na kushuka juu ya kioo cha simu. Tunapita nyumba za watu, harusi zao, misiba yao, aibu zao. Tunaona bila kuonekana. Baudelaire angeona wivu. Hiyo nayo ni njia, na haki zake ni zilezile: jicho liiname, ulimi usiudhi, salamu ijibiwe, jema lisemwe, ovu lisisambazwe. Aliyesoma habari ya mwenzake anaomba damu hospitalini, akapita kama nilivyopita mimi kwenye makaa, asidhani hakuwa njiani.

Siku chache baada ya jioni ile nilirudi pale kwenye mtaro. Yule kijana alikuwepo. Safari hii nilianza kwa salamu, nikakaa naye. Aliniambia kuwa hukaa pale kila siku kungoja kibarua cha kupakua mizigo, kwa kuwa malori hupunguza mwendo pale kabla ya kona. Siku nyingine anapata, siku nyingine hapati. Aliniambia pia kuwa ameshakamatwa mara mbili kwa kosa la kuzurura. Nilimuuliza alijibu nini. Akasema aliwaambia kuwa anafanya kazi ya kungoja, wakacheka.

Sikuwa na la kumwambia. Nilimuuliza jina lake, akanitajia, nami nikamtajia langu.

Mwalimu wetu alikuwa amesema kweli: mzururaji si tafsiri nzuri ya flâneur. Lakini kwa sababu nyingine na ile aliyoitoa. Neno la Kifaransa linamsamehe mtu ambaye bado hajalipa, na neno letu linamdai mtu ambaye huenda ameshalipa kuliko sisi. Mimi nimeacha kuyatumia yote mawili mpaka nimwone mtu anafanya nini baiskeli inapoanguka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa waja Wake wanaotembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu, aturuzuku macho yenye haya na mikono myepesi, na atusamehe kwa kila tulichokiona tukakipita. Amin.

Wallahu a'lam.